Geti la Chuo Lielekee Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema! Chuo kipya cha umma kitajengwa kwenye ghala la zamani, mkabala na kibanda changu cha kunyolea. Wapangaji wa mji wanataka maoni ya wananchi. Wamempata mwananchi. Vijana wengi, vichwa vingi, na nywele hazijui likizo! Kilichobaki ni geti tu. Lifunguke mtaani kwetu, si barabara ya nyuma kwa Mikasi, kinyozi mwenzangu mwenye feni mbili na maringo ya watu kumi. Nikamweleza mke wangu. Akasema yeye anataka masomo ya jioni. Kashona mapazia ya watu tangu tuoane, na hamu yake ya kusomea umeme haijaisha. Nikamwambia tuanze na geti.

Jumatano, 5 Machi
Mkutano ukumbini. Mchoraji wa ramani, binti mpole, alitandaza ramani mezani, akatugawia vibendera tuchomeke tunapotaka geti. Nikachomeka changu mtaani kwetu. Kisha cha mama mkwe, ambaye hakuja. Kisha cha jirani aliyesinzia. Mikasi akauliza kwa sauti huyu mwenzetu ni mtu au pweza. Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka, ili nisijulikane. Nikajulikana.

Ijumaa, 7 Machi
Mbinu mpya. Leo kunyoa bure, kwa sharti kwamba kesho uje kwenye mkutano wa pili kulitetea geti. Mkono umekufa ganzi. Walikuja wazee, vijana, hata fundi wa kupaka rangi mwenye upara, akidai haki yake kama wengine. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, atakuwa msemaji. Ana sauti ya kengele. Nimemkaririsha mpaka anaota.

Jumamosi, 8 Machi
Lo! Vichwa vyangu vilijaa safu za mbele, vinang'aa. Shemeji akasimama, akayasahau yote, akamgeukia dada yake: “Dada, sema wewe. Mimi mate yamenikauka.”
Mke wangu akasimama. Geti hakuligusa. Alisema mtaa huu ni wa watu wanaoshinda kazini, na chuo kinachofunga milango jioni kitakuwa cha watoto wa wenzetu. Akaomba madarasa ya jioni, chumba cha kuachia watoto wachanga, na taa njiani.  Makofi yakalipuka, na waliopiga zaidi ni wale niliowanyoa! Hata Mikasi alisimama. Nami nikapiga mpaka viganja vikaniwaka.
Wakamchagua kwenye kamati ya chuo. Halafu binti mpole akatangaza kwamba, kwa wingi wa vibendera, geti litafunguka mtaani kwetu. Nimeshinda!

Jumanne, 11 Machi
Wapimaji wamekuja na kamba zao. Kumbe penye geti lazima mtaa upanuliwe! Wamechora alama nyekundu katikati ya baraza langu. Benchi la wateja linaondoka, na kiti cha kunyolea kinabaki nusu ndani, nusu barabarani. Nikauliza kwa ukali ni nani aliyeomba balaa hili. Wakaniambia wananchi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nimeingia na kiti changu. Jioni Mikasi akaja kunipa pole. Akasema kwake pana nafasi ya kiti kingine, tunyoe pamoja. Alisema kwa utu kabisa. Nikamjibu nitafikiri. Sitafikiri.

Alhamisi, 13 Machi
Kamati imekaa. Mke wangu amewaomba mtaa upanuliwe upande wa pili, ambako hakuna mtu, ni ukuta mtupu wa ghala. Wamekubali! Na masomo ya jioni yamepita. Alirudi anatembea kama msichana, akasema atakuwa wa kwanza kujiandikisha. Nilifurahi kweli. Nikamwapia kwamba nimekoma, mambo ya umma ni ya umma, sitatia mkono tena. Akanishukuru. Akataja kwamba kesho wanajadili kituo cha basi.
Nikaosha vyombo. Nikamchemshia chai. Nikamkanda miguu. Akaniuliza nataka kituo kiwe wapi. Mwanamke huyu ananisoma! Nikamjibu popote penye haki, mradi abiria wasinyeshewe. Sikuongeza neno. Nilikumbusha tu kwamba baraza langu lina paa.