Msaragambo wa Kalamu

Ijumaa, 11 Julai 2025

Ushirika wetu wa tangawizi hapa Gonja umenipa kazi nzito: kuandika mwongozo wa programu ya ghala, ile ya kuchapa amri kwenye kompyuta. Mimi! Shule niliachia darasa la sita, lakini nimekaa Arusha, nimefika Mombasa. Kompyuta itanishinda? Eliamini, aliyesomea mambo hayo Moshi, kanuna. Kanishauri nishike alama zilezile kurasa zote: penye < > mtu ajaze chake, penye [ ] aruke akipenda. Nikamwambia kijana, hata makande mtu huyachoka.

Jumamosi, 12 Julai

Kurasa nyingi, mkono mmoja. Dawa? Msaragambo! Barabara tumechimba pamoja, mfereji tumezibua pamoja, mwongozo ni nini? Nikapiga baragumu. Majirani wakaja, kila mtu na kalamu yake kama jembe lake, kila mtu na ukurasa wake. Wangu wa kwanza, kwa alama za Eliamini, nisimuudhi. Nassoro mwenye duka katia [ ] kila mahali, hata pa kujaza, eti zinafanana na milango. Tumemaliza kabla uji haujapoa!

Jumatano, 16 Julai

Balaa! Lori la mnunuzi limekuja. Bi Mwanahalima, mtunza ghala, kafungua ukurasa wa Nassoro:

ghala toa [magunia]

Ukurasa wangu ulishamwambia penye [ ] aruke akipenda. Akaruka. Kumbe programu isipopewa idadi hutoa yote! Wapakiaji wakapakia ghala zima, hadi tangawizi ya mbegu, lori likaondoka. Msimu ujao tupande mawe? Mwanahalima kaniita "Baba Agape!" kwa sauti ya mtu anayetafuta mchi. Nikadandia bodaboda hadi Same, vumbi mpaka kwenye meno. Lori nikalikuta stendi, dereva yuko na nyama ya mbuzi. Mbegu nimeishusha kwa mgongo wangu huuhuu.

Alhamisi, 17 Julai

Mbegu imerudi, kina mama wamenipigia vigelegele. Mwanahalima yeye kasema kuzima moto ni sifa, ila aliyeuwasha ni nani? Wivu tu. Eliamini kaomba kwa upole mwongozo uandikwe upya, kila kitu na alama yake moja, mwanzo hadi mwisho. Nimekubali papo hapo. Sina kiburi, mimi. Jumamosi msaragambo mkubwa zaidi: nimealika watu wa Chome na Ugweno pia. Kila mtu aje na kalamu yake, na alama moja tu. Ile anayoipenda.