Kofia ya Buluu Njia ya Karema

Jumamosi, 9 Agosti 1997
Hija ya Karema inaanza Jumanne. Kutoka hapa Kabungu ni kwa miguu, wawili wawili, mmoja anaanza Salamu Maria, mwenzake anaitikia. Mwaka huu nataka mwenzangu awe Hilaria. Yeye mjane, mimi mgane, mashamba yetu yamepakana. Nampenda, basi! Kikwazo ni Yotham, fundi cherehani. Ana kofia ya pama. Akisalimia wanawake anaigusa ukingo. Lazima nipate kofia!

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya misa nilimkuta Hilaria kibarazani anasuka kofia ya ukindu. Pana, nyepesi. Akatazama kichwa changu, akauliza kama napenda za namna hiyo. Nikamwambia hizo ni za kufukuzia ndege kwenye mpunga. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kusuka. Sijui nani alimuudhi.

Jumatatu, 11 Agosti
Ushindi! Nimepata kofia kwenye mitumba Mpanda mjini. Buluu iliyokoza, utepe mweusi, inang'aa. Nilimpitishia Hilaria aione. Akasema, "Baba Optatus, rangi hiyo porini?" Wivu wa wasukaji. Yotham naye aliisifu mno. Roho inamuuma!

Jumanne, 12 Agosti
Hilaria kapangwa pamoja na Yotham. Kisha tukaingia porini. Mbung'o! Nilisahau kabisa vile vitambaa vya buluu na vyeusi ambavyo bwana mifugo huvitundika kuwatega. Leo mtego ulikuwa na miguu. Mbung'o wote wa Katavi walinijia mimi, wenzangu wakatembea raha mustarehe. Yotham akashauri nitangulie mbele sana, kwa faida ya wote. Nikatangulia. Nilianza Salamu Maria, nikajiitikia mwenyewe.

Jumatano, 13 Agosti
Shingo imevimba. Jicho moja limefumba. Niliketi kwenye gogo nikaamua kurudi nyumbani. Nililia kidogo. Hilaria akamwacha Yotham katikati ya rozari, mdomo wazi, akaja akafungua furushi lake. Kofia ya ukindu! Alikuwa ameisuka kwa kukadiria kichwa changu kwa macho. Ikaingia barabara. Akanifuta uso kwa ncha ya kanga, akanipa pole, akaniambia ninyanyuke. Nikaanza, akaitikia. Mpaka jioni. Moyo ulijaa hata nikawa naruka maneno, naye ananirudisha taratibu.

Ijumaa, 15 Agosti. Karema
Misa ya Kupalizwa Bikira Maria imekwisha. Hilaria kasema tukirudi nitume mshenga kwa kaka yake. Nimekaa peke yangu nikatafakari ni nini hasa kilichomvuta. Jibu ni moja: kofia ya buluu. Bila hiyo nisingevimba, na bila kuvimba asingenijia. Ya ukindu itanifaa kufukuzia ndege. Siku ya posa navaa ya buluu. Na kule kwenye mitumba niliacha koti la rangi hiyo hiyo.