Mtego wa Hatua Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Novemba
Theluji ya kwanza hapa Gyumri, Armenia. Na habari mbaya: Arshaluis, mwoka mikate, ameomba kupambana nami Jumamosi. Mshindi atakalia meza ya kwanza ya klabu yetu ya sataranji. Meza yangu, miaka tisa sasa! Iko karibu na jiko, penye joto. Atakayeshindwa atakaa meza ya nne, ya Arshaluis sasa, karibu na choo.

Sina wasiwasi. Yeye ndiye mwenye kete nyeupe, na siku zote hufungua kwa askari wa malkia. Siku zote! Nimemtegea mtego wa hatua kumi na nne. Mke wangu Siranush akauliza, je, akifungua vingine? Nikamwambia aendelee kufunga nyama ya dolma kwenye majani ya mzabibu.

Jumatano, 6 Novemba
Hila ya leo: nimeandika ufunguzi wa uongo kwenye karatasi, nikaisahau makusudi dukani kwa Arshaluis. Mkate nao nikausahau, bila makusudi. Siranush akanirudisha kuuchukua. Arshaluis akanipa vyote viwili.

"Mkhitar jan, rafiki yangu, umeangusha hii. Hatua ya saba umekosea, farasi wako analiwa bure. Nimekurekebishia."

Kwa kalamu nyekundu! Mbele ya foleni nzima!

Ijumaa, 8 Novemba
Hatua zote kumi na nne nimezikariri. Nimezirudia bafuni, sokoni, na msibani kwa binamu yangu. Kimoyomoyo. Karibu kimoyomoyo.

Jumamosi, 9 Novemba
Amefungua kwa askari wa mfalme.

Nikamuuliza kwa upole kama hajakosea. Akasema hajakosea. Nikafikiri. Jasho la wiki nzima lipotee hivihivi? Nikacheza hatua zangu vilevile. Kufikia ya tisa malkia wangu ameliwa. Kufikia ya kumi na moja mfalme wangu amezingirwa kama mwizi sokoni. Nikasalimu amri.

Arshaluis hakucheka. Heri angecheka. Alinimiminia chai, akanikatia gata ya moto, mkate wake wa siagi na sukari. "Hatua zako nzuri, kaka. Ila zilikuwa za mchezo mwingine."

Gata ilikuwa tamu, kwa bahati mbaya. Nikala vipande vitatu.

Jumapili, 10 Novemba
Meza ya nne. Si mbaya, ukizoea.

Meza ya tatu anakaa mzee Ghevond, mwalimu mstaafu wa jiografia. Nimemchunguza saa mbili nzima. Mtu wa mazoea kabisa: anafungua kwa farasi tu. Maskini, hajui kinachomjia. Nimeshakariri mpaka hatua ya ishirini.