Utepe wa Basi la Shule

Nina furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba tatizo la watoto wa vijijini kwenda shule kwa miguu limekwisha. Basi limenunuliwa. Ni la njano, viti bado vimevikwa nailoni, na mlangoni tumefunga utepe mwekundu unaomsubiri mgeni rasmi. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Uzinduzi, kwa hiyo ninachosema nakijua.

Kwa mujibu wa taratibu, kitu ambacho hakijazinduliwa bado hakipo. Hata hivyo, ili injini isizoee uvivu, dereva hulipeleka basi shuleni kila asubuhi likiwa tupu. Huingilia dirishani, maana mlangoni kuna utepe. Watoto hutembea nyuma yake. Tunaiita huduma ya usindikizaji, na hakuna aliyeilalamikia kwa maandishi.

Aliyelalamika kwa mdomo ni mama mmoja fundi cherehani, mwenye binti darasa la saba. Alinivamia ofisini amefura.

"Bwana Katibu, mvua ndiyo hiyo. Mto ukijaa, kuvuka ni kubahatisha. Mtihani wa mwisho ni Jumatatu, akichelewa geti linafungwa. Mwanangu atarudia mwaka kwa ajili ya kitambaa?"

"Si kitambaa, mama, ni utepe. Na Mheshimiwa anakuja Jumatatu hiyo hiyo."

"Saa ngapi?"

"Atakapofika ndipo saa yenyewe."

Akaondoka bila kuaga. Nilimsamehe, kwa sababu uongozi una mengi ya kuvumilia.

Jumatatu mvua ilimwagika tangu alfajiri. Gari la Mheshimiwa, nami nikiwemo, lilikwama kwenye tope karibu na mto. Tukashuka. Watoto walikuwa wamesimama ukingoni wakiyatazama maji, na yule fundi cherehani kamshika bintiye mkono. Binti alikuwa analia kimyakimya. Hata mimi, nasema kweli, roho iliniuma kidogo.

Basi likatokea, refu, kavu, tupu.

"Fungua mlango!" Mheshimiwa akaamrisha.

"Mheshimiwa, kuna utepe," dereva akajibu akiwa dirishani. "Kamati imesema ukikatika ovyo, kazi sina."

"Mgeni rasmi si ndiye mimi?"

Mkasi ulikuwa shuleni, umelazwa kwenye sinia. Mheshimiwa akainama, akaung'ata utepe kwa meno mpaka ukaachia. Mikono yangu, kwa mafunzo ya miaka mingi, ikapiga makofi yenyewe. "Basi limezinduliwa rasmi!" nikatamka.

"Mmesikia?" mama akapaza sauti. "Limezinduliwa! Pandeni, watoto!"

Wakamiminika ndani, binti akiwa wa kwanza. Mheshimiwa alipoweka mguu kwenye ngazi, dereva alimzuia kwa adabu.

"Samahani, mzee wangu. Likishazinduliwa ni la wanafunzi tu. Amri ni ya kwenu."

Mheshimiwa akanitazama. Nikathibitisha, kwa kuwa amri hiyo niliiandika mimi na iko sahihi.

Mlango ukafungwa, basi likakata maji na kupanda ng'ambo.

"Sasa sisi tunapita wapi?" Mheshimiwa akauliza.

"Njooni niwaoneshe wanapopita watoto," mama akasema. "Kuna gogo pale. Viatu vueni, linateleza."

Tukavuka kwa kutambaa, Mheshimiwa mbele, mimi nyuma yake kiitifaki. Tulipofika katikati, watoto wakatupungia mikono kutoka dirisha la nyuma. Na Mheshimiwa, kwa mazoea, akainua mkono wake kuwapungia.