Kivumamoto Changu na Maziwa ya Bi Zuhura

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele za watu. (Suruali ninayo, koti ninalo. Mnanielewa.) Nawaandikieni jioni hii hii, ninyi walimu wenzangu mlioko Mbeya, kabla madereva wa malori hawajawafikishia habari. Wakiwahi wao, nimekwisha.

Mnaikumbuka ile barua iliyozunguka mashuleni mwaka jana? Kamati ya lugha huko pwani iliwaomba walimu wapeleke maneno mapya ya Kiswahili kwa ajili ya vitu vipya. Ninyi mliisoma, mkafungia vitumbua. Mimi nikaitia moyoni. Miaka kumi na minne nafundisha darasa la kwanza. A, e, i, o, u, makamasi, na baridi hii ya Iringa ambayo siku hizi naona inaingia mpaka kwenye chaki. Nimechoka, ndugu zangu. Nikasema, neno langu moja tu likubaliwe, huenda wataniita pwani nikae kwenye kamati, kwenye kiti chenye mto, nisimpanguse mtoto wa mtu pua tena.

Basi nikatunga. Lile jiko la mafuta ya taa, lile linalopampiwa mpaka likanguruma, watu wanaliita stovu. Stovu! Niliona ni uvivu mtupu. Wiki tatu nililala nalo na kuamka nalo, mwisho nikapata: kivumamoto. (Msicheke bado. Ya kucheka yako mbele.)

Nikapeleka. Nikajibiwa kwamba neno ni zuri, lakini kamati haipokei neno lisilosemwa na watu. Mkaguzi atapita Iringa kusikiliza kwa masikio yake.

Hapo ndipo nilipoanza kulipanda neno langu kwa Bi Zuhura. Bi Zuhura ana hoteli ya chai karibu na soko. Mababu zake walitoka pwani na bidhaa, wakapenda mahali, wakakaa. Kiswahili chake mimi na cheti changu hatukifikii. Nikajua akisema yeye, soko zima litasema. Siku ya kwanza nilimkuta ameteleka sufuria ya maziwa, imejaa hadi ukingoni. Nikamwambia, "Bi Zuhura, usiseme stovu." Akageuka kunisikiliza, maana ana adabu. Nikamweleza kuvuma. Nikamweleza moto. Nikamweleza jinsi yanavyoungana. Nilipofika kwenye wingi wake, maziwa yalifurika yakauzima moto wenyewe. Asubuhi ile hoteli nzima ilikunywa chai ya rangi, na kila mteja aliniangalia kwa zamu yake.

Mimi nilidhani mambo yaliishia pale. Miezi miwili nikaendelea kwenda na kivumamoto changu, na yeye akaendelea na stovu yake.

Jana nikapata habari kwamba mkaguzi amefika. Nikamkimbilia Bi Zuhura.

"Mgeni akija kesho, litamke. Mara moja tu."

"Mwalimu wangu, mie hilo linanikwama kooni."

"Nakuomba kama dada yangu."

Akaniangalia machoni. "Haya," akasema. "Kwa ajili ya hayo macho yako ya usingizi."

Leo saa nne asubuhi nikamleta mkaguzi. Mzee mwembamba, kofia nyeupe, daftari kwapani, mpole sana. Aliniita Mwalimu Mwaisaka, maana barua zangu natia sahihi F. G. Mwaisaka. Gwakisa, hili jina mnaloniita ninyi na watu wote wa sokoni, halimo kwenye barua za serikali. (Shikilieni hapo hapo.)

Ndani ya hoteli alikuwepo Mzee Kalinga, Mhehe wa benchi la mlangoni, ambaye hajakosa kikombe cha asubuhi tangu nimjue. Alikuwepo pia dereva mmoja wa lori, mgeni kwangu, ametoka kushusha viazi vya Mbeya. Tukaamkiana. "Kamwene," "Kamwene." Tukaketi. Bi Zuhura akaweka maziwa jikoni, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kumeza kwinini, akasema kwa sauti:

"Ngoja nikipampu hiki... kivumamoto."

Moyo wangu! Mkaguzi akafungua daftari, akaandika. Niliiona kalamu ikitembea. Niliuona ule mto wa kiti cha kamati.

"Zuhura," akasema Mzee Kalinga, "unaumwa? Hiyo si stovu?"

Nikacheka kwa nguvu kumfunika. Nikamgeukia mkaguzi haraka, nikaanza kumweleza kuvuma. Nikamweleza moto. (Naam. Tena. Mtu hajifunzi.) Bi Zuhura, kwa adabu yake ile ile, akageuka kunisikiliza. Mkaguzi akanisikiliza. Nilikuwa ndiyo kwanza naingia kwenye wingi wake, Bi Zuhura akaruka.

"Ondokeni njiani! Maziwa yanagwakisika!"

Akaiopoa sufuria kwa kanga. Safari hii aliwahi.

Nilidhani amenitaja kwa hasira. Lakini mkaguzi alikuwa ameinua kalamu.

"Yana nini, bibi?"

Bi Zuhura akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Ila Mzee Kalinga hana cha kuziba.

"Yanagwakisika, Bwana. Kugwakisa. Mtu anakuelekeza kitu mpaka kitu chenyewe inaharibika. Juzi kaja mtu wa kilimo kwetu kufundisha kupanda pareto. Kaongea, kaongea, mpaka mvua imekatika. Katugwakisa wote, kijiji kizima."

"Ni Kihehe?"

"Aa, hiyo neno si ya kwetu. Ni Kiswahili hiyo."

Dereva naye akatua kikombe. "Hata kule Mbeya tunasema. Jana utingo wangu alikuwa ananielekeza kurudi nyuma, njoo, njoo, kata kidogo, mpaka gurudumu limeingia mtaroni. Nikamwambia, ndugu yangu, umenigwakisa. Chimala nzima, pale njiani, wakacheka. Wanalijua."

Mkaguzi alikuwa anaandika kama mtoto aliyepewa kalamu mpya. Akataka kusikia likigeuzwa. Wakamgeuzia! Kugwakisa, kugwakiswa, kugwakisana. Mzee Kalinga, ambaye hajaingia darasani hata siku moja, aliligeuza vizuri kuliko ninavyoligeuza neno lolote ubaoni. Na mimi pale katikati nimekaa, nasikia jina alilonipa bibi yangu likipigwa huku na huku.

"Asili yake nini?" akauliza mkaguzi.

Mzee Kalinga akachungulia kikombe chake kitupu. Bi Zuhura akaanza kufuta meza aliyokwisha kuifuta.

"Mwalimu," mkaguzi akanigeukia, "wewe ndiye mtaalamu wetu. Limetoka lugha gani?"

Ndugu zangu, nilisema uongo. Nilisema, "Labda Kisangu, Bwana."

"Kisangu wapi!" akadakia dereva. Hakuwa na ubaya, maskini. "Si kuna mwalimu mmoja hapa hapa Iringa, anaitwa Gwakisa? Alimfundisha mama huyu namna ya kuita stovu mpaka maziwa yote yakamwagika. Mimi simjui. Nasikia ni mrefu, ana koti la kahawia, kifungo cha katikati hakipo."

Watu wote wakaliangalia koti langu.

Nikaweka mkono mahali pa kifungo. (Kwa nini niliweka mkono? Kama ningekaa kimya tu!) Mkaguzi akaangalia mkono. Akafunua kurasa za nyuma za daftari lake, taratibu, akasoma.

"Mwalimu Mwaisaka. Hii G..."

"Ni ya Gwakisa, Bwana."

Mzee Kalinga ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi benchi likasogea. Dereva akashika kichwa, "Nisamehe, mwalimu, nisamehe," huku machozi yanamtoka. Hata mkaguzi mabega yalimtikisika. Kisha akafuta miwani yake, akapiga mstari mmoja mrefu juu ya kivumamoto. Wiki tatu zangu zile!

"Nimezunguka nchi hii sana," akaniambia, "napewa maneno kwenye karatasi. Hili lako nimelikuta linatembea kwa miguu yake. Naliandika."

Nikapata nguvu kidogo. Aibu nimekwisha kuipata, nikaona bora niondoke na faida. "Kwa hiyo, Bwana, nitaitwa pwani?"

Akanihurumia. Niliona ananihurumia, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Hapana, mwalimu. Kamati ni ya wanaotunga maneno. Wewe hili hukulitunga. Ulilitenda."

Akaniaga, akaenda zake.

Bi Zuhura akaniletea chai, maziwa mengi, na kitumbua cha moto. "Kunywa, Gwakisa. Tulikuficha kwa sababu tunakupenda." Nikanywa. Sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa na haya, na ule uchovu wangu wa siku zote, na ninakiri kwamba chai ilikuwa nzuri. Kesho asubuhi watoto wa darasa la kwanza wananingoja na pua zao.

Nawaombeni mambo mawili. La kwanza, barua hii isisomwe mbele ya wanafunzi. La pili, mkilisikia neno hilo huko kwenu, msiliitikie, mwacheni aliyelisema aone haya peke yake, labda litakufa.

Naishia hapa. Tangu nianze kuwaeleza haya nina maharage jikoni, na sasa nasikia harufu. Ole wangu, yamegwakis...

Yameungua. Andikeni kwamba nilisema yameungua.