Mume Wangu Alinipanga wa Mwisho, na Alipanga Sawa

Ndugu Mkuu wa Ajira,

Basi, kama nilivyokuwa nikimweleza binti wa mapokezi kabla simu haijakatika, mimi ndiye yule mke aliyepangwa wa mwisho.

Mume wangu (nina wiki tano tu za kuliandika neno hili na bado mkono unanichekea) ni Gbolahan, aliyekuja Lagos Jumanne kwenye usaili wa kazi ya kuandika programu. Ulimwambia aandike majina ya watu wa nyumbani kwao, kisha atunge programu ya kuwapanga, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Akatunga. Kompyuta ikaniweka mimi, mwenye miaka ishirini na sita, chini ya mtoto wa wifi yangu mwenye miaka mitatu. Ukacheka: "Kaka, kwani umeoa kichanga?" Ukamrudisha Ibadan bila kazi. Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Programu haikukosea. Kwa wakwe zangu mtu huhesabiwa tangu siku aliyoingia nyumbani. Mtoto huingia kwa kuzaliwa, mke huingia kwa kuolewa. Yule mtoto alinitangulia, ndiyo maana simwiti kwa jina. Namwita Bwana Karani, na asubuhi nampigia magoti. Huniambia, "Mke wetu, uji wa moto, puliza." Napuliza.

2. Gbolahan angeweza kunipendelea. Mtu anayenimenyea chungwa na kuniachia upande mtamu, halafu asinisogeze juu hata nafasi moja! Asiyemwibia mke wa wiki tano nafasi moja, ataiibia kampuni?

3. Njia yenu ya umri ikienea nchini, nani atajua ampigie nani magoti? Nyama itagawiwa kwa vyeti vya kuzaliwa. Simisola, mke wa mdogo wake Gbolahan, ana miaka ishirini na mmoja, lakini aliolewa kabla yangu, kwa hiyo namwita Bi Mkubwa na ndiye anayenituma sokoni. "Mke wetu, pilipili hizi ulichagua umefumba macho? Hebu rudi!" Nami hurudi, kwa furaha. Mkimweka chini yangu, sokoni ataenda nani?

4. Bwana Karani amesikia kwamba Lagos mlitaka kumshusha. Hajala vizuri tangu Jumanne.

Naomba mume wangu apewe kazi, tupate vyumba viwili vya kwetu na pazia la manjano nililokwisha kulinunua. Bwana Karani naye aombwe radhi kwa maandishi.

Msalimie binti wa mapokezi, mlinzi aliyemfunika Gbolahan kwa mwavuli, na mama watoto wako, popote alipopangwa.

Wako mtiifu, anayependwa mno,
Morenike, mke wa Gbolahan,
Oje, Ibadan

Nyongeza: Gbolahan amekwenda kuninunulia mkate. Kabla ya kutoka aliijaribu njia yenu, nikaona kwenye kompyuta: niko juu ya Simisola. Nimeangalia mpaka chaji ikaisha. Tafadhali mwite tena, ila usimpe kazi mpaka aweze kupanga kwa umri bila kubabaika. Na orodha hiyo ya umri naiomba kwenye karatasi ya kampuni, yenye muhuri, kwa herufi zinazosomeka kutoka jikoni. Nitaifuata mwenyewe kabla mwezi huu haujaisha.