Kimelea Chenye Jina Langu

Jumatatu, 6 Mei

Mkataba unaisha mwezi huu. Nafasi iliyobaki maabarani ni moja, watafiti ni wawili: mimi, na Bi Glavu, anayevaa glavu hata kufungua mlango. Yeye anafuga vimelea vya malaria kwenye chupa, vilivyoletwa zamani kutoka mbali, anavilisha damu kama kuku wa kisasa. Mimi nachunguza vya wagonjwa halisi, vinavyobadilika kizazi hadi kizazi. Nani zaidi? Kila mwenye macho anajua, isipokuwa Profesa.

Jumanne, 7 Mei

Bi Glavu kaenda semina. Kabati lake la kazi ni zuri kuliko langu. Nikalitumia kuandaa damu ya wagonjwa wangu, na pipeti zake za kunyonyea matone pia. Fundi wa mashine ya kusoma vinasaba akauliza kichupa cha maji matupu kiko wapi. Ndiyo desturi: maji hupitishwa njia ile ile ya damu, yakikutwa na kimelea ujue umechafua kazi. Nikamjibu maji hayaugui malaria. Nafasi ya maji nikampa mgonjwa mwingine. Akili ni mali!

Ijumaa, 10 Mei

Majibu! Wagonjwa wote wana kimelea ambacho hakijawahi kuonekana huku. Tawi jipya la ukoo! Nimekipa jina langu. Nikampigia Mama. Akashukuru Mungu, kisha akauliza mbona watoto wa wenzake wanagundua dawa, mimi nagundua ugonjwa. Nikamwambia sayansi ina hatua. Tayari kamwambia shangazi, na kumwambia shangazi ni sawa na kutangaza redioni.

Jumatatu, 13 Mei

Nimehutubia maabara nzima. Nilikuwa moto! Bi Glavu akainua mkono, wenye glavu bila shaka, akauliza maji yalisemaje. Nikasema hilo ni swali la wivu. Profesa akaagiza maji yapimwe, kwa pipeti zile zile. Husuda tupu.

Alhamisi, 16 Mei

Maji yana malaria.

Bi Glavu akalinganisha vimelea hivyo na vya kwake. Ni vile vile! Vimeruka kutoka pipeti zake hadi kwenye sampuli zangu. Kumbe nimempa jina langu kuku wa jirani. Nikailaumu hewa ya chumba. Fundi akasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nikatoka kichwa juu.

Ijumaa, 17 Mei

Nafasi kapewa yeye. Nilijifungia chooni, nikalia. Kidogo tu. Nilipotoka Profesa akanieleza kuwa nimepewa miezi mitatu, niwe msaidizi wa Bi Glavu. Bi Glavu mwenyewe ndiye aliyeniombea. Eti mikono yangu ni mibovu, ila kwa kusoma vinasaba hana wa kunifananisha naye. Angenitukana isingeuma hivi. Nimekubali kwa mdomo. Moyo haujasaini kitu.

Jumatatu, 20 Mei

Siku ya kwanza chini ya utawala wake. Nimesoma upya vinasaba vya vimelea vyake na kuona herufi mbili zimebadilika tangu vilipoletwa. Mbili! Mabadiliko yametokea humu humu, mbele ya macho yetu! Bi Glavu akasema huenda ni kosa la mashine, nisiseme kwa mtu mpaka turudie kupima. Kurudia ni kazi ya wasiojiamini. Nikamwitikia ndiyo dada, kwa adabu zote. Kisha nikamwandikia Profesa kuwa nina ugunduzi, na kwamba safari hii naomba ukumbi mkubwa zaidi.